Uzi Uliokataa Kuwa Majivu

Juzi nilipeleka begi la shule la mwanangu kwa fundi mmoja pale Bakoba, mkanda wake ulikuwa umechomoka. Fundi akashona, akakata uzi, kisha akatoa kiberiti cha gesi akauchoma mwisho wake ili usifumuke, kama wafanyavyo mafundi wote. Harufu ikanifikia. Harufu ya nailoni iliyoungua, yenye utamu fulani wa kuchefua. Nikajikuta nimeshika meza yake kwa mikono miwili. "Vipi mama, presha?" akaniuliza. Nikamwambia ni njaa. Ningemwelezaje, na nyuma yangu kuna wateja wamesimama, kwamba harufu ile inanirudisha Muleba, kwenye nyumba ya shangazi yangu, nikiwa darasa la tatu, nikiwa na hakika kwamba uhai wa mdogo wangu uko mikononi mwangu na kwamba mtu mzima ninayelala chini ya paa lake anataka afe?

Sisi tuliishi Nyanga, mjini kwa jina tu, maana migomba ilianzia kwenye dirisha la jiko. Nilikuwa mtoto pekee. Baada yangu mama alibeba mimba mbili zikaharibika, jambo nililolijua kwa namna watoto wanavyojua mambo ya nyumbani, yaani kwa kuona watu wakinyamaza ninapoingia. Mimba ya tatu ilipofika miezi saba, nilirudi kutoka shule nikakuta mama hayupo, kitanda kimetandikwa shuka jingine, na baba anapanga nguo zangu kwenye mfuko wa rambo bila kuzikunja.

"Mama amekwenda kupumzika," akasema. "Wewe utakaa kwa shwenkazi."

Shwenkazi ndivyo sisi Wahaya tunavyomwita dada wa baba, na kwa wasiojua niseme tu kwamba huyo si shangazi wa kuletea watoto pipi. Shwenkazi akikohoa, ukoo mzima unageuka kumtazama. Na wangu alikuwa na kikohozi kikubwa. Alikuwa mjane, Mkatoliki wa kufunga Kwaresima yote bila kupunguza hata siku moja, na ndiye aliyekuwa akiuliza kila sikukuu ni lini kaka yake atapata mtoto wa kiume wa kurithi kibanja, lile shamba la migomba la babu. Aliuliza mbele ya mama. Mama alikuwa binti wa Kilutheri wa Kibeta, amesoma, na siku ya harusi yake, hii nilisimuliwa mara nyingi, shwenkazi alimshika mikono, akaigeuzageuza, akasema, "Mikono hii kweli itashika jembe?" Watu walicheka. Mama hakucheka, na hakusahau. Tangu hapo wawili hao hawakugombana kamwe; ingekuwa nafuu kama wangegombana. Waliamkiana kwa adabu nyingi mno, "wifi" huku na "wifi" kule, na chumba kikawa baridi.

Kwa hiyo nilifika Muleba nikiwa na macho ya mama. Kila alichofanya shwenkazi nilikitazama kwa macho hayo.

Nyumba yake ilikuwa imevaa. Makochi yalikuwa na vitambaa vya kufuma, meza ilikuwa na kitambaa, redio ilikuwa na kitambaa, hata ndoo ya maji ya kunywa ilifunikwa kwa kitambaa chenye shanga pembeni. Nadhani ungekaa pale muda mrefu bila kusogea angekuvisha na wewe. Wanawake walimjia kujifunza kroshia, na katika siku zile alikuwa na mwanafunzi mmoja, Leokadia, msichana wa jirani aliyekuwa amechumbiwa na hakutaka kwenda kwa mume na makochi yaliyo uchi.

Sheria ya shwenkazi ilikuwa moja. "Mtu haanzi na mkono, anaanza na uzi," alisema. "Ukikosea uzi, hata mkono uwe mzuri vipi utaonekana mjinga." Mwanafunzi alianzishwa na ukamba wa mgomba mkavu, asishike hata sindano, ile yenye ndoana mwishoni, asuke mnyororo kwa kidole mpaka mkono ujue kuvuta bila kukaza. Kisha alipewa uzi wa pamba, mnene, mweupe. Mweupe ili uone kila tundu unapopitisha ndoana. Mnene ili ndoana isiupasue. Pamba kwa sababu haitelezi na haivutiki ikakudanganya kwamba umefika wakati bado. Mweusi ulikuwa wa wenye macho ya paka, alisema, na ule wenye manyoya ni wa wenye kiburi.

Mimi, bila shaka, nilitaka wenye manyoya.

Nyuzi zake nyingi hazikutoka dukani. Alinunua masweta ya mitumba gulioni, akayafumua, akafua uzi, akauzungusha kwenye mgongo wa kiti mpaka ukauke na kunyooka. Kulikuwa na sweta moja la pinki, alikuwa amelifumua nusu, lenye manyoya marefu yaliyosimama kama ya kifaranga. Nililishika shavuni. Akalichukua mkononi mwangu.

"Huu ukikosea haufumuki," akasema. "Manyoya yanashikana. Kosa lako linabaki humo humo, utazeeka nalo. Kaa na pamba, mwisiki."

Nikakaa na pamba, nikanuna siku mbili. Mwisiki ni msichana tu kwa Kihaya, lakini jinsi alivyolitamka nililisikia kama adhabu.

Siku ya tatu shwenkazi alimpigia baba simu. Kwa shwenkazi mtandao ulipatikana mahali pamoja, juu ya kichuguu mwisho wa kibanja, na alipanda pale akiwa ameshika kanga yake kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine. Mimi nilikuwa nimetumwa kukata majani ya migomba ya kufunikia chungu, kwa hiyo nilikuwa chini yake hatua chache, ndani ya migomba, na hakuniona. Alikuwa akipaza sauti kama wanavyofanya watu wazima kwenye simu, wakidhani umbali ni jambo la koo.

"Bado anavuja? ... Waulize madaktari, usiogope, waulize." Akasikiliza jibu. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile, kila neno mahali pake. "Wakisema ni kuchagua, wamchague mke wako. Umenisikia? Mtoto Mungu atamchukua, ni wake."

Akashuka kwenye kichuguu, akapita karibu nami, akifuta uso kwa ncha ya kanga. Mimi sikuona kwamba anafuta uso. Nilisikia kitu kimoja tu: mtoto Mungu atamchukua. Nilikuwa na miaka tisa. Katika akili yangu hakukuwa na mwanamke anayekaribia kufa. Mama alikuwa anapumzika, baba alikuwa ameniambia. Kulikuwa na mtoto, ndugu yangu, niliyemngoja miaka yote, na kulikuwa na shwenkazi amesimama juu ya kichuguu akimtoa.

Kesho yake habari ikaja kwamba amezaliwa, wa kiume, njiti, mdogo mno, na yu hai. Mama naye yu hai. Shwenkazi alipiga magoti palepale uwanjani, kwenye matope. Nilimtazama nikafikiri, unafiki gani huu.

Wauguzi walisema ndugu walete kofia na soksi ndogo, kwa sababu mtoto wa namna ile joto humtoka kichwani. Mchana ule shwenkazi alimwaga kapu lake lote la nyuzi mkekani, kwenye baraza. Hazikuwa na karatasi za dukani za kumwambia ipi ni nini. Masweta ya watu wa mbali, yaliyochanganywa. Akaleta mshumaa uliokuwa mbele ya sanamu ya Bikira Maria sebuleni, ndio pekee uliokuwa ndani. Akajipiga ishara ya msalaba, kama alivyojipiga kabla ya kila kazi, hata ya kumenya ndizi. Kisha akakata kipande cha kila uzi, kimoja kimoja, akakipeleka motoni, akanusa, akasugua kilichobaki kati ya vidole.

Nilisimama mlangoni. Siku chache tu zilikuwa zimepita tangu Jumatano ya Majivu, padri alikuwa amenipaka majivu kwenye paji la uso na kutukumbusha kwamba sisi ni mavumbi. Nilijua majivu ni nini. Majivu ni kufa.

Uzi wa kahawia uliungua ukanuka nywele. "Kondoo," akasema. "Unawasha." Akautupa upande. Uzi mweupe ukawaka haraka, ukanuka karatasi, ukabaki majivu laini ya kijivu yaliyopotea alipoyapuliza. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huu ndio wake," akasema. "Huu ndio wa mtoto."

Kisha ule wa pinki. Haukuwaka kama nyingine. Ulijikunja, ukarudi nyuma kama unaokimbia moto, ukatoa harufu ile, na mwisho wake ukawa kitone kidogo cheusi, kigumu. Shwenkazi alikibana kwa kucha. Hakikuvunjika. "Huu hapana," akasema, "huu ni mbaya kabisa."

Ninyi mlio wa rika langu mtaelewa jinsi akili ya mtoto inavyojenga nyumba kwa matofali matatu. Alikuwa amesema Mungu atamchukua. Alikuwa ameleta mshumaa wa Bikira Maria. Kati ya nyuzi zote alikuwa amemchagulia mtoto uliogeuka majivu, na akautupa uliokataa. Nilimwangalia akiketi na sindano yake, akitumia chungwa kama kipimo cha kichwa, na nikaona wazi kabisa kwamba anamfumia ndugu yangu kifo.

Niliiba donge la pinki jioni ileile. Siku iliyofuata nilijificha nyuma ya banda la mbuzi na sindano ya ziada, nikafuma. Sasa nilijifunza kwa nini uzi ule haukuwa wa mwanafunzi. Sikuona tundu hata moja. Manyoya yaliziba kila kitu, nikawa napapasa na kubahatisha. Duara likawa na pembe. Nilipohesabu nikakuta nimeruka, nikavuta nifumue, uzi ukajifunga kwenye manyoya yake mwenyewe ukagoma. Nikavuta kwa nguvu, ukakazana zaidi. Nikalia kwa hasira, kimya, kwa sababu mbuzi walikuwa wakinitazama. Kosa likabaki humo, nikafuma juu yake, na kosa la pili juu ya la kwanza, mpaka kikapatikana kitu chenye tundu la kuingiza kichwa. Nilikijaribu kwenye chungwa. Kilibana, lakini kiliingia.

Jumamosi asubuhi baba alikuja kwa pikipiki ya kuazima. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota. Aliniuliza kama nina adabu, nikasema ndiyo. Shwenkazi alikuwa amekwisha kufunga mzigo katika kipande cha kanga: kofia mbili nyeupe na soksi za pamba. Wakati wanakunywa chai niliufungua mzigo ule chumbani. Fundo likanishinda mara ya kwanza. Nikatoa vyote vyeupe, nikavizika katikati ya kapu la maharage ya mbegu, nikaweka kofia yangu, nikaijazia na kitambaa kikuukuu ili mzigo usionekane umepungua. Baba akauweka kifuani ndani ya koti, akaondoka.

Nakumbuka furaha niliyoisikia pikipiki ilipopotea kwenye kona. Nilifikiri nimemwokoa mtu.

Furaha hiyo iliishi mpaka saa saba mchana, alipokuja Leokadia kwa somo lake. Alikwenda moja kwa moja kwenye sweta la pinki, kama kila mtu.

"Mama, nipe huu," akamwambia shwenkazi. "Dada yangu amejifungua, nimfumie mtoto kofia."

"Thubutu!" Shwenkazi akamnyang'anya. "Kofia ya mtoto mchanga kwa uzi huu? Unataka kumuua? Manyoya yananyonyoka, yanamwingia puani, yanamkaa kooni, na mtoto hajui hata kukohoa. Na hii ni nailoni. Jasho likimtoka halinyonywi, linabaki pale pale kichwani linapoa, na mtoto anapoa nalo."

"Umejuaje ni nailoni? Mbona kwa macho ni sufu?"

"Nimeuchoma. Uzi usioujua unauchoma kwanza, utakuambia wenyewe. Pamba inakuwa majivu, ni kitu cha shambani, kama sisi. Nailoni inayeyuka inaganda. Ukiona kitone kigumu, weka mbali na mtoto. Tena yule wa kwetu, ambaye hata kupumua anasahau! Asubuhi kaka yangu amesema nesi analazimika kumfinya nyayo ili akumbuke kuvuta pumzi."

Nilikuwa nimekaa sakafuni, nachagua mawe kwenye mchele. Mikono yangu iliendelea kuchagua.

Na sasa naandika lile ninaloona haya kuliko yote. Sikusema. Nilikaa pale na sinia mapajani, nikamsikiliza Leokadia akihesabu mishono, moja, mbili, tatu, akikosea, akifumua, akianza tena, na katika kila hesabu yake nilimwona mtoto nisiyemjua akivuta pumzi na manyoya ya pinki yakiingia. Niliogopa fimbo. Ndiyo, fimbo. Niliweka fimbo upande mmoja na ndugu yangu upande wa pili, na kwa muda ambao sijui urefu wake nikachagua mawe kwenye mchele. Kilichonifungua mdomo hakikuwa ujasiri. Leokadia alivuta uzi wake vibaya, akajipiga paja, akasema, "Afadhali mimi kosa langu linafumuka." Nikapiga yowe.

Nikasema yote, au karibu yote: kofia, kapu la maharage, mzigo. Kwa nini, sikusema. Shwenkazi hakuniuliza. Hakunipiga. Alisimama, akaingia chumbani, nikasikia maharage yakimwagika sakafuni, yote, na akatoka na vitu vyeupe mkononi akivipuliza vumbi. Akapanda kichuguu akampigia baba. Simu haikupatikana. Akapiga tena. Simu ya mama ilikuwa Nyanga mezani, tulijua sote. Akapiga mara ya tatu, akateremka.

"Leokadia, bojo, nizimie jiko," akasema. Bojo ni neno la kubembeleza, na sikuwahi kumsikia akimbembeleza mtu. "Wewe mwisiki, vaa viatu."

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe ndiye utakayesema."

Barabarani tulipata gari dogo la abiria la kwenda mjini, alikolazwa mama, nalo halikuondoka mpaka lipate mtu wa mwisho. Mtu wa mwisho alikuja anatembea, anakula muwa. Nilimchukia mtu yule kama sijawahi kumchukia mtu. Mvua ikaanza kabla ya Muhutwe. Shwenkazi alikuwa ameziweka kofia ndani ya blauzi yake, juu ya ngozi, ili zifike zina joto, na njia nzima hakunitazama, midomo yake tu ilikuwa ikienda. Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi cha kuumwa kichwa. La uzi nilikuwa nimelielewa: pamba ilikuwa nzuri, mimi ndiye niliyekosea. Lakini maneno ya kichuguuni sikuwa nimeyaelewa, yalikuwa bado pale pale. Mtu anayetaka mtoto afe, mbona anakimbia hivi?

Mlangoni pa wodi mlinzi alituzuia. "Mama, watoto hawaruhusiwi."

"Ana neno moja la kusema," akajibu shwenkazi. "Akilisema anatoka." Na akapita, kikohozi kile kile cha ukoo, na mlinzi akajikuta amesogea.

Tuliosha mikono. Kisha nikamwona mama. Alikuwa amelazwa kwa mgongo ulioinuliwa, midomo haina rangi, kwenye mkono ana mpira wa dripu. Kifuani, chini ya kanga, kulikuwa na uvimbe mdogo, na juu ya uvimbe ule, chini kidogo ya kidevu chake, ikatokeza kofia yangu ya pinki.

Mama aliniona akatabasamu, tabasamu lililomchukua muda kufika. "Mwanangu. Nimeijua mikono yako. Tazama, nimemvika sasa hivi, baba yako alipotoka kufuata dawa."

"Wifi, ivue hiyo kofia," akasema shwenkazi.

Tabasamu likafungwa. "Wifi. Hata hujanisalimu."

"Nitakusalimu baadaye. Ivue."

Mama akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto. Sauti yake haikuwa na nguvu, lakini wanawake wa vitanda vya jirani waligeuka kututazama. "Umetoka Muleba na mvua hii kuja kumvua mwanangu kofia aliyofumiwa na dada yake. Kwa sababu haikufumwa vizuri kama zako. Mikono yangu haikufaa, sasa na ya binti yangu haifai?"

Shwenkazi alifumbua mdomo. Angeweza kujitetea kwa sentensi moja. Badala yake aligeuka akanitazama mimi. Na mimi nilikuwa nikitazama kitu kimoja tu. Mtoto alikuwa amelaza shavu kwenye ngozi ya mama, kofia ilikuwa imemshuka mpaka kwenye nyusi, na unyoya mmoja mrefu wa pinki ulikuwa ukienda na pumzi yake: ndani, nje. Ndani. Ukanata kwenye mdomo. Nikangoja urudi nje, haukurudi.

"Mama, ivue!" nilipiga kelele. "Inamuua! Za shwenkazi ndizo nzuri, mimi niliziiba, nimezificha kwenye maharage!"

"Ulizificha? Kwa nini?"

"Kwa sababu shwenkazi anataka afe."

Nikatoa ushahidi wangu wote, kwa sauti, kama mtu anayefichua mwizi. "Nilimsikia kwenye simu na baba. Alisema wakisema ni kuchagua, wamchague mama. Alisema mtoto Mungu atamchukua."

Mama alikuwa tayari ameivua. Alifanya hivyo wakati nazungumza, kwa mkono mmoja, na shwenkazi akawa ameinama, amelowesha kidole, anamtoa mtoto manyoya mdomoni, moja, jingine, huku kwa mkono wa pili akimfinya wayo chini ya kanga. Mtoto akakunja uso, akavuta pumzi, akatoa sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta.

Aliishi. Nalisema hapa kwa sababu sipendi kumning'iniza mtu: alikaa wodini wiki nyingi, akatoka, na leo ni jitu linalomaliza sahani mbili za ndizi na kuuliza kama kuna nyingine. Lakini wakati ule hakuna aliyelijua hilo, na mama hakuwa akimtazama mtoto tena. Alikuwa akimtazama wifi yake. Mimi nilidhani nimemaliza kumshitaki shwenkazi. Ilinichukua miaka, mpaka nami nikalala kwenye kitanda cha namna ile, kuelewa mama alikuwa amesikia nini.

"Ulisema hivyo?" akamwuliza.

Shwenkazi alikuwa anatazama sakafu. "Niliogopa."

"Mtoto wa kiume. Wa kaka yako. Wa kibanja."

"Kibanja kitangoja. Wewe ulikuwa unavuja damu."

Mvua ilipiga bati. Mama akafunua kanga kidogo, kichwa cha mtoto kikaonekana, kitupu, chekundu, mishipa yake ikihesabika. Kilikuwa kinapata baridi, na bado hakunyoosha mkono kuchukua kofia.

"Mvike wewe," akasema.

Shwenkazi akatoa kofia nyeupe kutoka kifuani mwake. Mwanamke aliyefuma huku akipika, huku akisali, bila kutazama, alishindwa kupata mdomo wa kofia. Akajaribu, vidole vikaruka. Akajaribu tena. Mama akanyanyua ule mkono wenye dripu, akamshika kiwiko.

"Taratibu, wifi," akasema. "Sote bado tupo."